Kazi Hizi Zina Wenyewe

Hotuba iliyotolewa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mbele ya wazazi, walimu na wasanii, wakati wa kufungua maonyesho ya kazi za familia zinazoishi na usonji

Waheshimiwa viongozi wa komini, walimu, wasanii wenzangu, akina mama na akina baba, nanyi vijana na watoto ambao ndio mliotukusanya hapa,

Nawashukuru kwa kuja, na nawashukuru zaidi waliokuja na watoto wao, maana safari ya taksi-basi kutoka Ruashi au Katuba pamoja na mtoto asiyevumilia honi, msongamano na mguso wa watu asiowajua si safari ndogo. Nimepewa nafasi ya kusema machache kabla hatujaingia kutazama. Nitasema jambo moja tu, ingawa nitalizunguka: kazi hizi zina wenyewe. Wenyewe ni watoto na vijana wenye usonji pamoja na mama zao, baba zao, kambo zao (yaani bibi na babu zao) na ndugu zao, na namna tutakavyozitazama, tutakavyozitaja na hata tutakavyoziuza lazima ianzie hapo.

Niruhusuni kwanza niweke msingi, kwa sababu wapo kati yetu ambao habari za usonji wamezisikia redioni tu. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, nayo huanza mapema sana na kudumu maisha yote. Unaonekana katika namna mtu anavyowasiliana na wenzake, katika kupenda mambo yanayojirudia kwa utaratibu uleule, na katika jinsi anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Wapo wanaozungumza bila kuchoka juu ya jambo moja wanalolipenda, na wapo wasiotamka neno lolote lakini wanaelewa mengi kuliko tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Katika mji wenye mamilioni ya watu kama huu wetu, makadirio hayo yanamaanisha maelfu ya nyumba, na mkitafakari kidogo mtajiuliza mbona hatuwaoni barabarani, kanisani, shuleni na kwenye sherehe.

Hatuwaoni kwa sababu wengi wamefichwa, na wamefichwa kwa sababu familia zao zimechoka kulaumiwa. Lawama hizo hazikuanzia kwetu. Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 aliowachunguza nchini Marekani, usonji ulianza kujulikana sana miongoni mwa madaktari, lakini kwa miaka mingi baadaye wataalamu wa huko waliwaambia akina mama kwamba ubaridi wa mapenzi yao ndio uliomfunga mtoto. Ilimbidi Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, aipinge hoja hiyo hadharani mwaka 1964. Kwetu lawama imevaa nguo nyingine: mtoto anaitwa mchawi, mama anaulizwa alikula nini au alimkosea nani, na ndugu wa mume wanaanza vikao vya usiku. Nataka kila mtu hapa akumbuke kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inamwadhibu kwa kifungo na faini anayemsingizia mtoto uchawi. Sheria hiyo haina ubaguzi: jirani, shangazi na mtumishi wa Mungu wote wamo.

Mtaniuliza sanaa inaingia wapi katika mambo mazito hivyo. Inaingia mlangoni. Familia iliyozoea kumwondoa mtoto sebuleni wageni wanapofika inapata, kwa mara ya kwanza pengine, sababu ya kuwaita wageni waje kumwona. Watu wanakuja kutazama kitu kilichotengenezwa, macho yao yanatua kwenye kazi kwanza, na mtoto anapata nafasi ya kusimama pembeni, akiwa ameziba masikio ikibidi, bila kugeuzwa yeye kuwa tamasha. Siwezi kuwaahidi kwamba uchoraji utamfanya mtoto aongee. Anayewaahidi hivyo mwombeni awaonyeshe, kisha mshike mifuko yenu.

Mji huu una historia yake ya kumwacha mtu achore kwa njia yake. Mwaka 1946, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la Le Hangar, naye hakuwapa wachoraji wake picha za Ulaya wazinakili. Pilipili Mulongoy akajaza vitambaa vyake samaki, ndege na majani. Mwenze Kibwanga akawajenga watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyolala sambamba. Bela, mzaliwa wa Chad, aliweka brashi pembeni akapaka rangi kwa ncha za vidole, alama moja baada ya nyingine, mpaka uwanja wote ukajaa. Leo mtoto akichovya kidole na kurudia alama ileile asubuhi nzima, tunakimbilia kusema ana tabia ya kujirudia, tunamnyang'anya rangi na kumpa picha ya nyumba yenye dirisha aijaze vizuri. Bela alipofanya hivyo, makumbusho yalinunua.

Historia hiyohiyo ina onyo ndani yake. Romain-Desfossés alipenda kuamini kwamba wachoraji wake walikuwa na roho ya asili isiyoguswa na kwamba kazi yake ilikuwa kuilinda isichafuliwe. Imani hiyo iliwapa uhuru wa mkono, lakini iliwafanya watu wazima, wenye maarifa na hesabu zao, waonekane kama viumbe waliochora bila kujua walichokuwa wakifanya. Nayasikia maneno ya aina hiyo kila ninapozungumza na wageni wanaotembelea karakana za familia zetu. Wanasema watoto hawa ni malaika, hawana hila, wanachora kwa moyo mtupu. Wanadhani wanawasifu. Mimi nimemwona msichana mwenye usonji akikataa rangi ya kijani mara tatu mfululizo kwa sababu haikuwa kijani aliyoitaka, akachanganya mwenyewe ya kwake, akaijaribu kwenye ukingo wa karatasi, ndipo akaendelea. Huo ni uamuzi wa fundi, na ukimwita malaika umeshamnyima ufundi wake.

Sasa niwaeleze kazi moja mtakayoiona mkishaingia, ile kubwa iliyoning'inia katikati ya ukumbi. Bibi mmoja wa Kamalondo ni mshonaji, na mjukuu wake anayeishi naye hasemi. Tulipoanza karakana yetu tulimpa binti udongo wa mfinyanzi, kwa sababu vitabu vinasema udongo unatuliza. Aliugusa, akapiga kelele, akaenda kunawa mikono mpaka ngozi ikawa nyekundu. Tulimpa rangi ya maji, ikawa vilevile: kitu chochote chenye unyevu kilimchoma. Kambo wake ndiye aliyetuambia kwamba nyumbani binti hukaa chini ya cherehani na kuchana mabaki ya vitenge, naye alikuwa amemkataza siku zote kwa kuwa mabaki hayo huyauza kwa watengenezaji wa mito. Tukamwomba ayalete.

Tazameni vizuri namna anavyochana. Anakishika kipande kwa vidole viwili vya kila mkono, anakivuta taratibu karibu na sikio mpaka uzi wa kwanza unakatika, kisha anakifuata kitambaa kwa mstari wake mwenyewe wa kufumwa, bila mkasi, hadi mwisho, na utepe unatoka ulionyooka kama uliopimwa kwa rula. Ukimpa kitambaa kilichokatwa mshazari anakirudisha, kwa sababu hakichaniki sawasawa na sauti yake ni mbaya. Bibi alipoketi kandokando yake akaanza kuzisokota tepe zile kuwa kamba, kwa ustadi aliojifunza utotoni kijijini, binti akageuka kumtazama. Kuanzia hapo akawa anampa tepe mojamoja, kwa mpangilio wa rangi ambao hakuna aliyemfundisha, na bibi akikosea mpangilio anashikwa mkono. Yaya yake, yaani ndugu yake mkubwa, kijana wa sekondari aliyekuwa akija tu kumsindikiza na kuona haya, akaleta rimu kuukuu ya baiskeli na kuanza kuzungushia kamba. Kwa hiyo mkisoma kibao mtaona majina matatu, la binti likiwa la kwanza. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kuifanya kazi ile peke yake, na mwalimu hakuongeza kitu isipokuwa kutafuta waya wa kuining'inizia.

Baba mmoja wa Kampemba alifika kwa njia nyingine. Akina baba, naomba mnisamehe, ndio tunaochelewa kuwapata. Wengi humwachia mama jambo hili mpaka mwisho. Huyu alikuwa fundi wa magari ya waya tangu utoto, yale magari ambayo kila mvulana wa mji huu ameyasukuma, na alimtengenezea mwanawe gari zuri lenye usukani mrefu. Mtoto aliligeuza juu chini akawa anazungusha gurudumu moja tu. Baba alivunjika moyo, halafu, na hapa namvulia kofia, akaacha kutengeneza magari akaanza kutengeneza magurudumu peke yake, makubwa kwa madogo, mengine ya waya wa shaba, ambayo yamefungwa kwenye mhimili mmoja na yanazunguka kwa kasi tofauti. Kazi hiyo imewekwa karibu na dirisha la kushoto. Mnaruhusiwa kuizungusha, kwa mikono safi.

Wapo watakaouliza kama hiyo ni sanaa kweli au ni mchezo wa kumtuliza mtoto. Mwezi Desemba 2025, tuzo ya Turner, ambayo ni miongoni mwa tuzo maarufu za sanaa nchini Uingereza, ilitolewa kwa Nnena Kalu, mwanamke mwenye usonji na ulemavu wa kujifunza, aliyezaliwa Glasgow kwa wazazi kutoka Nigeria na ambaye huzungumza kwa maneno machache sana. Anafunga na kuzungushia vitambaa, kamba na tepu za video mpaka anapata maumbo makubwa yanayoning'inia, na anachora duara juu ya duara kwa mwendo uleule wa mkono. Amefanya kazi kwa miaka mingi katika studio inayowasaidia wasanii wenye ulemavu wa kujifunza, yenye wasaidizi wanaojua lini wamsogezee kitu na lini wakae mbali. Nataja habari zake kwa ajili ya hao wasaidizi kama kwa ajili yake mwenyewe: kipaji chake hakikutosha bila mahali, vifaa, muda mrefu na watu wenye subira.

Kuna mfano mwingine unaopendwa sana, nami nautaja kwa tahadhari. Stephen Wiltshire wa London, ambaye hakuzungumza utotoni, mwaka 2005 aliuona mji wa Tokyo kutoka kwenye helikopta na kuuchora kwa kumbukumbu kwenye turubai ya mita 10. Ni ajabu ya kweli. Lakini nimeona mzazi akimwekea mwanawe kalamu na karatasi kila jioni, akisubiri Tokyo itoke, na mtoto analia. Watu wengi wenye usonji hawana kipaji cha namna hiyo, kama vile watu wengi wasio na usonji wasivyokuwa nacho, na haki ya mtoto kushika rangi haitokani na uwezekano wa kuwashangaza wageni. Anayechana kitambaa kwa raha yake na asitokeze kitu cha kutundika ukutani amefanya kazi yake ya siku hiyo.

Haki hiyo imeandikwa. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 2015, kinazitaka serikali ziwawezeshe watu hao kukuza na kutumia uwezo wao wa ubunifu na sanaa, kwa faida yao wenyewe na kwa kuitajirisha jamii pia. Baadaye tukapata sheria yetu wenyewe, ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda na kukuza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Waheshimiwa, sheria hiyo ipo. Chumba chenye paa lisilovuja na choo kinachofungika ndicho ambacho bado tunakiomba.

Nimetaja paa kwa makusudi. Ukitaka kuanzisha karakana ya familia katika mtaa wako, mambo ya kwanza ya kufikiria hayahusu rangi wala brashi. Katika majira yetu ya mvua, mvua ikipiga mabati, chumba kizima kinageuka ngoma, na mtoto ambaye sauti humuumiza atakimbia au atajipiga kichwa. Umeme ukikatika na jenereta ya jirani ikawashwa, kazi ya asubuhi imekwisha. Ndiyo maana sisi tunafanya kazi chini ya mwembe hali ya hewa inaporuhusu, na saa za mapema kabla baa hazijafungulia muziki. Tunachora ratiba kwenye boksi lililokunjuliwa: kunawa mikono, kufanya kazi, kupumzika, kula, kurudi nyumbani, kila tendo kwa picha yake, na hatubadilishi mpangilio bila kumwonyesha mtoto mabadiliko kabla hayajatokea. Kuna mkeka pembeni kwa anayetaka kujitenga, na hakuna anayeruhusiwa kumfuata pale na kumwambia maneno ya kumfariji. Watoto wachache kwa wakati mmoja, kila mmoja na mtu wake. Nashauri pia mtoto asiye na usonji wa familia hiyo aje, kwa kuwa huyo naye ana mambo yake aliyoyameza kwa muda mrefu, na mara nyingi ndiye anayejua kusoma ishara za nduguye kuliko sisi wote.

Nimalizie habari ya wenyewe, kwa sababu hapa ndipo miradi mingi mizuri inapoharibika. Kazi inapouzwa, pesa ni za familia iliyoitengeneza, baada ya kutoa gharama ya vifaa iliyojulikana tangu mwanzo. Picha ya mtoto haichapishwi bila ruhusa ya mzazi, na mtoto mwenyewe anaulizwa kwa njia anayoielewa. Swali ambalo nimeulizwa mara nyingi ni jinsi ya kupata ridhaa ya mtu asiyesema. Anasema kwa mwili. Mtaona ukutani kibao kimoja ambacho juu yake hakuna kitu. Kijana aliyechora kwa makala, yaani mkaa, kazi iliyokuwa hapo alikuja jana tulipokuwa tunapanga, akaitundua, akaikunja, akaiweka kwapani na kuondoka nayo. Mama yake alitaka kumrudisha, akisema ni aibu baada ya kazi yote ile. Tukamwomba amwache. Kibao tumekibakiza ili wageni wajue kwamba mwenye kazi hakutaka, na wafadhili nao wazoee kwamba jambo kama hilo hutokea.

Sasa tutaingia. Taa kubwa zimezimwa na muziki haupo. Tafadhali zimeni sauti za simu na msitumie mwanga wa kamera. Tutaingia kwa vikundi vidogo, familia zenye kazi zikitangulia, na mlango wa nyuma uko wazi kwa yeyote atakayehitaji kutoka nje haraka bila kujieleza. Mkitaka kumsifu msanii, semeni mbele ya kazi yake, kwa sauti ya kawaida, na msimguse kichwani. Washonaji na mafundi umeme mlioko hapa, mabaki ya vitenge na waya mnaotupa sisi tunayahitaji: mama aliyeketi mlangoni anaandika majina ya watakaoleta Jumamosi. Rangi za mafuta msituletee, hata za bure, kwa kuwa harufu yake inatufukuzia nusu ya wafanyakazi.